Karani wa Mbali: Alipwe kwa Kipimo cha Wapi?

Msomaji wetu mmoja, baba wa watoto sita, ametuletea swali ambalo kwanza tulilidhani dogo, kumbe silo. Binti yake wa tatu alimaliza chuo, akakaa nyumbani miaka miwili bila kazi, na sasa amepata kazi ya ukarani. Ofisi yake ni meza ya kulia chakula. Mwajiri wake ni mama mmoja Mmarekani mwenye shamba dogo la maua, ambaye binti hajamwona ila katika picha, wala hatazamii kumwona. Kazi yafanyika usiku kwa njia ya intaneti, nyumba nzima ikiwa imelala. Mwisho wa mwezi fedha huja, nazo si haba. Mwezi mwingine hupita mapato ya baba mwenyewe, ambaye ni seremala. Sasa kijana mmoja wa mtaani amemwambia mzee huyu kwamba mwanawe anadhulumiwa, maana huko Marekani kazi hiyo hiyo hulipwa mara tatu. Mzee ametatizika. Atuuliza: je, mtu aweza kudhulumiwa, na huku anapata kuliko baba yake?

Swali hili lina majibu mawili ya haraka, na yote mawili hayatoshi. La kwanza ni la wale wasemao kwamba binti ashukuru Mungu na kunyamaza, kwa kuwa wenzake wengi hawana hata hicho. La pili ni la yule kijana: alipwe senti kwa senti kama Mmarekani, la sivyo ameibiwa. Sisi twaona kwamba kabla ya kuchagua yatupasa kuijua kazi yenyewe, maana haki ya mfanyakazi haijulikani na mtu asiyejua kazi inavyokwenda. Basi wasomaji watuvumilie tukieleza kidogo habari za maua.

Marekani, karibu maua nane katika kila kumi yanayouzwa madukani hutoka nchi za nje, hasa Colombia na Ecuador. Sheria ya mwaka 1991 ilizipunguzia ushuru nchi za milima ya Andes, na wakulima wengi wa maua wa Marekani wakashindwa bei. (Jambo lenyewe si geni kwetu. Waridi za Naivasha hupanda ndege kwenda Ulaya kwa namna ile ile, na yupo mkulima wa Ulaya aliyeng'oa waridi zake kwa sababu hiyo.) Waliobaki, pamoja na wengine walioanza miaka ya karibuni, wametafuta njia nyingine. Wamechukua kipande cha ardhi, pengine eka moja tu au pungufu, wakapanda maua yasiyopenda safari ndefu, kama vile dalia, ambazo petali zake huchubuka upesi zikifungwa katika maboksi. Maua hayo huchumwa alfajiri kungali baridi, hutiwa majini, hufungwa mashada, na jioni yamefika mezani kwa mteja anayekaa maili chache kutoka shambani. Na mteja huyo hakuyanunua siku ile. Alikwisha kuyalipia miezi sita nyuma.

Desturi hii ya kulipa kabla ilianza katika mboga. Mwaka 1986 mashamba mawili, Indian Line Farm la Massachusetts na Temple-Wilton la New Hampshire, yalianza kuuza mavuno kwa mafungu. Jamaa hununua fungu lake wakati wa majira ya baridi, udongo ukiwa umeganda kama jiwe, kisha msimu wote huchukua mavuno yake kila juma. Wajapani walikuwa na mapatano yanayofanana na hayo tangu miaka ya 1970. Siri yake ni hii: mkulima apata fedha ya mbegu wakati anapoihitaji, wala hakopi kwa riba, na mteja naye akubali kushiriki bahati na msiba. Mvua ya mawe ikipiga, fungu la kila mmoja hupungua. Sakitu ikiua dalia mapema, juma lile hakuna dalia. Kwa hiyo fedha ile si bei tu, bali ni imani iliyotiwa mkononi mwa mtu kabla hajaonyesha kitu. Wale wanaolipia gazeti hili kwa mwaka mzima wanaelewa tunalosema, nasi twawashukuru, hasa wanaolistahimili hata gari lililobeba gazeti linapokwama njiani.

Wakulima wa maua wa namna hii hutangaza shauri lao kwa maneno ya ukaribu. Huwaambia wateja: msinunue ua lililotoka ng'ambo, hamjui mikono iliyolichuma, hamjui mchumaji alilipwa nini. Nunueni kwa jirani mnayemjua uso. Ni neno zuri, nasi hatulipingi. Lakini ndipo linapotokea jambo ambalo wengi wao, kwa hisani ya kwao tunadhani, hawakulitafakari. Mkulima aliyeuza ukaribu, kazi ya ofisi ikimzidi, hutafuta msaidizi wa bei nafuu kwa intaneti, na msaidizi huyo apatikana Ufilipino, au Nairobi, au katika nyumba ya seremala wetu. Ukaribu ameuuza, umbali ameununua. Mikono inayofunga mashada wateja waijua. Mikono inayoandika majina yao hawaijui.

Na kwa nini kazi ya ofisi imzidi? Wasomaji wasidhani kuwa ni kazi ya kuchezea. Tuseme shamba lina wateja 80. Kila juma wapo watano au kumi wenye neno. Huyu asafiri, aomba shada lake apewe dada yake. Yule amehama nyumba. Wa tatu kadi yake ya benki imekwisha muda, na malipo ya pili hayakupita. Wa nne alisahau kuja kuchukua, naye ana hasira kana kwamba ni shamba lililomsahau. Kila Alhamisi lazima orodha iwe tayari: nani apelekewe wapi, nani aja mwenyewe. Wakati wa baridi kuna kuandikisha wateja wapya, na kuna wanaotaka kununua mizizi ya dalia, ile inayofanana na viazi vitamu, ambayo huchimbwa baada ya sakitu, hugawanywa kwa kisu na kuuzwa kwa posta. Mama mkulima aliyeinama shambani tangu alfajiri hana nguvu ya kujibu hayo yote usiku. Kuajiri karani si anasa wala uvivu. Bila karani shamba lenyewe laweza kufa, si kwa sakitu bali kwa barua zisizojibiwa.

Sasa tazameni saa. Wakati wa kiangazi cha kule, Massachusetts iko nyuma yetu kwa saa saba. Mama huyo akiingia ndani kunawa udongo saa mbili usiku, huku kwetu ni saa tisa usiku. Ndiyo saa anayotaka kusema na karani wake habari za kesho. Saa hiyo binti wa seremala ameweka shuka begani, feni imezimwa ili isiwaamshe wadogo zake, naye ajibu kwa furaha, maana ndivyo anavyotakiwa kujibu.

Haya, na tuje kwenye mshahara. Massachusetts, tangu Januari 2023, sheria yakataza karani kulipwa chini ya dola 15 kwa saa. Tuchukue kwamba binti wetu alipwa dola 5, kwa saa kumi katika juma. Sheria ya Massachusetts haimfikii, kwa kuwa hayuko Massachusetts. Sheria zetu nazo hazimshiki yule mama, kwa kuwa hayuko kwetu. Katika karatasi zao yeye si mfanyakazi hata kidogo, bali ni mtu huru aliyeuza huduma zake. Kwa hiyo hana akiba ya uzeeni, hana siku ya ugonjwa, hana likizo. Kompyuta ni yake, bando ni lake, umeme ni wa baba yake. Yumo katika kazi, walakini hayumo katika hesabu. Wazee walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, nao walikuwa wanaonya watu wasikose kufika katika mambo yao. Kwa hali ya sasa methali hiyo yatisha zaidi, maana tumepata watu ambao hawawezi kuwapo hata wakitaka, na lao limetoweka pamoja nao.

Je, kwa kuwa dola 5 ni nyingi kuliko anazopata jirani yake, jambo limekwisha? La hasha. Mfikirie mtu aliyekukopesha gunia kumi za mahindi, nawe ukamrudishia sita. Akilalamika, utamjibu kwamba jirani zake wana gunia tatu tu? Gunia za jirani hazimo katika deni lenu. Dhuluma hupimwa baina ya wawili waliopatana, kwa kutazama nini kilitolewa na nini kilirudishwa. Haipimwi kwa kuchungulia ghala za mtaa. Ndiyo sababu twamjibu mzee wetu pasipo kusita kwamba ndiyo, mtu aweza kupata kuliko baba yake na bado akadhulumiwa. Wala haitoshi kusema kwamba alikubali mwenyewe. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kufundisha kwamba kukubali kwa mtu aliyebanwa na shida si kukubali kwa hiari kamili, na kwamba ipo haki ya maumbile iliyo juu ya mapatano yoyote. Binti aliyekaa miaka miwili bila kazi angekubali hata dola 2. Kama ni hivyo, kukubali kwake kwaonyesha tu kiasi cha shida yake, hakuonyeshi thamani ya kazi yake.

Lakini yule kijana wa mtaani asifurahi upesi. Tukimwambia mama mkulima kwamba ni lazima alipe dola 15 au asilipe kabisa, atafanya nini? Pengine atamwajiri mtoto wa jirani yake, mwanafunzi wa huko, ambaye aweza pia kumsaidia kubeba ndoo. Na ni haki yake. Kisha binti wetu arudi kukaa. Tena mkate wa Massachusetts, nyumba ya Massachusetts na daktari wa Massachusetts si wa bei yetu. Mshahara wa haki tangu zamani ulifikiriwa kuwa ni ule unaomweka mtu na jamaa yake katika maisha ya kibinadamu mahali wanapoishi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tofauti yoyote ya mshahara ni wizi. Kusema hivyo ni kufunga mlango kwa jina la haki, na watakaobaki nje ni wale wale tunaodai kuwatetea. Tumewahi kuona wema wa namna hiyo katika mambo mengine.

Basi, ikiwa dhuluma ipo, iko wapi? Sisi twaona kwamba haimo katika tofauti ya 5 na 15 peke yake. Imo zaidi katika jambo ambalo fedha hulificha: ni nani anayebeba hatari.

Kumbukeni tulilosema juu ya mafungu. Mama mkulima aliwaendea jirani zake wakati wa baridi akawaambia: niaminini, nilipeni kabla, na mvua ya mawe ikija tuibebe sote. Nao wakamwamini. Shamba lake zima limesimama juu ya imani hiyo. Sasa yeye naye amwajiri karani. Na je, amwamini kwa kiasi gani? Amlipa baada ya majuma mawili ya kazi. Amlipa dakika kwa dakika, kwa kipimo cha programu ambayo, katika baadhi ya masoko ya kazi hizi, hupiga picha ya kioo cha kompyuta mara kadhaa katika kila saa, ili ionekane kama karani kweli alikuwa akifanya kazi au alikwenda kumfunika mdogo wake shuka. Soko lenyewe nalo hukata chake. Moja lililo kubwa, mpaka mwaka 2023, lilikuwa likikata senti 20 za kila dola katika dola 500 za kwanza ambazo mtu amelipwa na mwajiri mmoja. Kazi ikipungua mwezi wa kumi na moja, mashamba yakilala chini ya theluji, saa za karani zapungua bila taarifa hata zikafika sufuri. Yaani mvua ya mawe ya mkulima yabebwa na watu 80. Mvua ya mawe ya karani yabebwa na karani.

Wala msidhani mvua hiyo ni ya kubuni. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani, na wengi wetu twakumbuka simu zilivyogeuka mawe mifukoni. Wengine waliudhika kwa kuwa hawakuweza kutazama mpira. Lakini angalieni tarehe. Marekani, Jumapili ya pili ya Mei ni Siku ya Mama, na kwa muuza maua hakuna siku nyingi katika mwaka zenye barua kama hiyo: shada limefika kwa mama asiye yeye, shada halikufika, tulipu zimeinamisha vichwa, asante, rudisheni fedha. Fikirini karani wa mbali siku ile, ameketi mbele ya kompyuta isiyofungua hata ukurasa mmoja, akijua kwamba huko barua zajaa, na kwamba hana hata njia ya kusema kwa nini amenyamaza. Je, saa zile alipwe au asilipwe?

Atakayetazama mkataba atasema asilipwe, maana hakuna kazi iliyofanyika. Sisi twasema: muulizeni mama mkulima kama mwaka ule sakitu ilipochelewa kuondoka aliwarudishia wateja fedha zao. Hakuwarudishia, na walimwelewa. Hakutaka sakitu, naye karani hakukata mkongo. Mtu aliyeomba na kupewa rehema hiyo katika biashara yake hawezi kumnyima mwenzake aliye ndani ya biashara ile ile, ati kwa kuwa yu mbali na haonekani. Hatusemi hapa habari za sadaka. Sadaka ni ya aliye nje ya mlango. Huyu yumo ndani, afanya kazi ya nyumba.

Hali kadhalika saa za kungoja. Katika mfano wa Bwana Wetu Yesu Kristu wa watu wa shamba la mizabibu, wale walioajiriwa saa ya kumi na moja walikuwa wamesimama sokoni mchana kutwa. Mapadre huhubiri, na sawasawa, juu ya ukarimu wa mwenye shamba. Lakini tusisahau jibu la wale watu walipoulizwa kwa nini wamekaa bure: hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wamelala. Kungoja kazi kulikuwa ni kazi yao ya siku ile, nako kulichosha. Karani aliyeambiwa awe tayari kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, kisha akaandikiwa saa moja na nusu ya malipo kwa sababu barua zilikuwa chache, ametoa usiku mzima. Usiku haugawanyiki kama kitambaa.

Tumefanya hesabu kidogo, maana maneno ya haki bila hesabu huwa mepesi. Tuseme wale wateja 80 wamelipa dola 250 kila mmoja kwa mashada kumi. Ni dola 20,000, na kabla mama hajaona senti ya kula kuna mbegu, mizizi, mbolea, chumba cha ubaridi na petroli. Si tajiri, tusimfanye kuwa bepari wa vitabuni. Karani afanya saa kumi katika juma kwa majuma 30, yaani saa 300. Kwa dola 5 ni dola 1,500. Kwa dola 8 ni dola 2,400. Tofauti ni dola 900. Na dola 900 zikigawanywa kwa mashada 800 ni dola moja na senti kumi na mbili u nusu kwa shada. Kwa kiasi hicho binti aweza kulipwa usiku wake, kuweka akiba yake ya ugonjwa, na kupokea kitu katika miezi ya theluji. Mama hawezi kutoa mfukoni mwake? Haya, na awaambie wateja. Ni watu waliokwisha kukubali kulipa zaidi ili wajue mikono iliyochuma maua yao. Awaambie kwamba kuna jozi nyingine ya mikono, taja ilipo, na kwamba shada la mwaka ujao limeongezeka dola moja na kitu kwa ajili yake. Huenda wawili watatu wakajitoa. Hatudhani kama watakuwa wengi, na wakiwa wengi, basi yale maneno ya ukaribu yalikuwa matangazo tu.

Hapo tumegusa jambo la pili, ambalo mzee wetu hakuliuliza, lakini lamhusu binti yake kuliko mshahara. Barua anazoandika hutiwa sahihi gani? Tumeambiwa kwamba aghalabu karani wa namna hii huandika kwa jina la mkulima mwenyewe, kana kwamba ni mama anayejibu. Sasa, je, huo ni uongo? Zamani nje ya posta zetu waliketi waandishi wa barua, na mtu asiyejua kusoma alimwambia mwandishi maneno yake, naye akayaandika kwa nafsi ya mwenye barua. Hakuna aliyemwita mwongo. Alikuwa kalamu ya mwingine. Karani akimjibu mteja kwamba shada lake litahamishiwa Ijumaa ijayo, ni kalamu pia, wala hakuna anayedanganywa. Lakini mteja mmoja akiandika kwamba mumewe amefariki na kwamba maua ya juma lile yaliwekwa juu ya jeneza, na karani aliye kwetu akajibu kwa jina la mama kwamba, nilipoyachuma asubuhi ile nilikuwa nikikuwaza, hapo kalamu imekuwa kinyago. Mjane yule amepewa faraja ya mtu ambaye hakumwaza. Barua ya namna hiyo haina budi kungoja mama anawe mikono aiandike mwenyewe, hata ikiwa mistari miwili yenye makosa. Na karani akiamriwa kuiandika, yampasa kukataa kwa adabu, au kutia jina lake mwenyewe. Jina lake si aibu. Twashangaa hata kwa nini lifichwe. Barua iliyoandikwa chini yake kwamba imeandikwa na fulani, karani wa shamba, kutoka Morogoro, ingewaudhi wateja gani?

Na kwa kuwa tumeanza kumhusia binti, tumalize. Haki yake ina mwenzake, nayo ni uaminifu wake. Karani huyu ana maneno ya siri ya kufungulia vitabu vya shamba. Ajua nyumba za watu 80, na zaidi ya hayo ajua ni juma gani kila mmoja yuko safarini, maana wamemwandikia wenyewe kwamba shada lisiletwe, nyumba ni tupu. Mwivi angelipa fedha nyingi kwa orodha hiyo. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haimwoni mtu saa tisa usiku. Dhamiri ndiyo imwonayo. Twasema hivi kwa kuwa tumesikia desturi mbaya inayoenea kati ya vijana wa kazi hizi: mmoja akipata kazi nyingi, au akitaka kwenda arusini, humkabidhi binamu au rafiki kazi yake na maneno yake ya siri kwa ujira mdogo, na mwajiri hajui. Wengine hata huuza au kukodisha jina walilojijengea. Waona ni ujanja, na tena ni kusaidiana. Si kusaidiana. Mama wa Massachusetts alimwamini mtu mmoja mwenye jina moja. Kumbadilishia mtu gizani ni kumfanya asiyeonekana azidi kutoonekana. Kisha kijana huyo huyo hulalamika kwamba wageni hawatuamini, wanatupiga picha za kioo kila dakika. Tumwulize nani aliyeanza.

Basi mzee wetu afanye nini? Hatumshauri amwambie binti aache kazi. Tunamshauri aketi naye mchana mmoja, asiwe na haraka, wapige hesabu ya saa zote, zile zilizolipwa na zile za kungoja, pamoja na bando na umeme, waone saa moja hasa imezaa nini. Wakiona ni dola 5 kweli, vema. Wengi wakipiga hesabu hiyo hukuta 2. Kisha binti aandike kwa mama yule barua yenye jina lake, si ya kulalamika, aombe mambo yaandikwe: saa za kungoja, siku za mkongo kukatika, siku za ugonjwa, na taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kupunguziwa kazi. Ni mkulima, akikumbushwa kwamba yeye mwenyewe hulipwa maua yakingali mizizi, huenda akaelewa upesi kuliko tunavyodhani. Asipoelewa, binti atakuwa amejua anafanya kazi kwa nani.

Tena kuna jambo moja lililo katika uwezo wa mzee mwenyewe, wala halihitaji intaneti. Katika barua yake ametueleza, kama kwa kupita tu, kwamba binti amekuwa mvivu, hulala mpaka saa tatu asubuhi, na mama yake humwamsha saa kumi na mbili akachote maji kabla bomba halijafungwa. Mzee, mwanao alizima kompyuta saa kumi na nusu. Maji na yachotwe na wale wadogo zake.